Je, Mama Asiyelia Ana Hatia?

Mwaka 1975 kilitolewa huko Marekani kitabu cha hadithi kiitwacho Where Are the Children?, maana yake, Watoto Wako Wapi? Aliyekitunga ni Mary Higgins Clark, mjane aliyefiwa na mumewe mwaka 1964 akaachiwa watoto watano, naye aliandika alfajiri kabla watoto hawajaamka. Huenda mmoja atauliza, gazeti la kanisa lina shughuli gani na hadithi za kutia hofu? Twajibu kwamba ndani ya hadithi hii limo jambo linalotuhusu sisi sote tulioifunza Katekisimo, nalo ni hili: yatupasa kumwonaje jirani aliyeshukiwa, maadamu sisi wenyewe hatujui kweli?

Habari yenyewe ni hivi. Mwanamke jina lake Nancy alihukumiwa huko California kuwa amewaua watoto wake wawili. Baadaye hukumu ikatanguka, na shahidi mkuu hakuonekana tena, akaachwa aende zake; wala si kwa kuwa watu walisadiki kwamba hana hatia. Akahamia Cape Cod, upande wa pili wa nchi, akabadili nywele zake, akaolewa tena, akazaa mvulana na msichana. Miaka saba ikapita. Ndipo siku moja gazeti la mahali pale likachapa habari zake za kale, na asubuhi iyo hiyo watoto wake wakatoweka walipokuwa wakicheza nje. Mama akaona glavu moja nyekundu, basi.

Mwisho wake hatuusemi, tusije tukamnyang'anya msomaji haki yake. Lakini tuangalie jinsi mwandishi alivyofanya. Mapema kabisa atuonyesha watoto wakiwa mikononi mwa mtu mwingine. Sisi twajua, majirani hawajui. Kwa hiyo sisi twamhurumia Nancy pasipo taabu yo yote, na kuwakasirikia wale wanaomshuku. Huruma ya namna hiyo ni rahisi mno. Tungekuwa majirani zake, tusioona ila gazeti na glavu, tungalisema nini? Tena kila saa watu waliyoitumia kumkodolea macho mama ilikuwa saa moja iliyopotea kwa watoto. Neno la uvumi lilimpiga mama, likawapiga na wale wadogo waliokuwa wakingoja kutafutwa.

Mtu asiseme kwamba hayo ni ya hadithini tu. Tarehe 17 Agosti 1980, huko Australia, karibu na mwamba mkubwa uitwao Uluru, mtoto wa majuma tisa alichukuliwa kutoka katika hema ya wazazi wake. Mama yake, Lindy Chamberlain, alipiga kelele kwamba dingo, yaani mbwa mwitu wa nchi ile, amemchukua. Baba alikuwa mchungaji wa Waadventista Wasabato. Waliopiga hema karibu nao walimsadiki, na wenyeji wajuao kufuata nyayo waliona alama za mnyama mchangani. Uchunguzi wa kwanza, mwaka 1981, nao ulisema ni dingo. Lakini kadiri habari ilivyokwenda mbali na mahali pale, ndivyo imani ilivyopungua. Watu walimtazama mama katika televisheni wakasema: Mbona halii? Mbona amevaa vizuri? Kisha wakalishika jina la mtoto, Azaria, wakavumisha kwamba maana yake ni sadaka jangwani. Kila asomaye Danieli amjua Azaria, mmoja wa wale vijana waliotupwa katika tanuru. Na jina lake kwa Kiebrania lasema kwamba Bwana amesaidia. Neno ambalo mwana wa shule ya Jumapili angaliweza kulisahihisha lilizunguka nchi nzima.

Mwaka 1982 Lindy alihukumiwa kifungo cha maisha. Wataalamu walisema kwamba katika motokaa mna damu ya mtoto mchanga. Baadaye ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya ile iliyoitwa damu ni dawa ipakwayo kiwandani ili kupunguza kelele za gari. Mwaka 1986 koti dogo la mtoto, ambalo mama alikuwa akilitaja tangu mwanzo, likaonekana karibu na mapango ya dingo, naye akafunguliwa. Mwaka 1988 hukumu ikafutwa.

Twajua mwalimu mmoja atatupinga akisema: Je, wako mama waliowadhuru watoto wao kweli, tukimsadiki kila mtu, nani atawalinda wadogo? Neno hili lina uzito, wala hatulipuuzi. Polisi na hakimu wamepewa kazi ya kuuliza, na kuuliza kwao si dhambi, hata kukiuma. Lakini yule asimuliaye kisimani hakupewa kazi hiyo na mtu. Katika amri ya nane, kama sisi Walutheri tuihesabuvyo, Luther hakuishia katika kukataza uongo. Alifundisha pia kumtetea jirani na kuyaelekeza mambo yake upande ulio mwema. Haiwezekani kufanya hivyo baada ya kuijua kweli, kwa maana hapo hakuna tena pa kuelekeza. Amri hii ni ya wakati ule tusipojua.

Hata kwetu, mama afiwaye na watoto wawili watatu mfululizo husikia mnong'ono nyuma yake, na pengine mnong'ono huo hufika mbele ya baraza la wazee. Wazee waulize: nani aliona, na alikuwa amesimama wapi? Machozi wasiyaulize. Rispa, katika kitabu cha pili cha Samweli, alikaa juu ya mwamba akiwafukuza ndege na wanyama wasiguse maiti za wanawe, na Maandiko hayataji chozi lake hata moja.

Kule Australia, mwaka 2012, miaka 32 baada ya usiku ule, mchunguzi wa vifo aliamua rasmi kwamba dingo ndiye aliyemchukua Azaria, akawapa pole wazazi. Cheti cha kifo kikaandikwa upya, nao wakakipokea.