Zilipendwa na Mwenyewe

Neno "zilipendwa" linahitaji kutafakariwa. Linatuambia kwamba nyimbo fulani zilipata wapenzi, lakini halimtaji aliyezipenda wala aliyezitunga. Nyimbo za zamani za dansi tumeziita hivyo kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam. Tumezisikia redioni, ndani ya daladala za Temeke na kwenye harusi za Kinondoni. Mtu aweza kuimba "Zuwena" mwanzo hadi mwisho asijiulize hata mara moja ni kazi ya nani. Je, kuupenda wimbo ni sawa na kumthamini mtunzi wake?

Mtunzi huyo ni Marijani Rajabu, aliyezaliwa mwaka 1955. Alivuma na Safari Trippers katika miaka ya 1970, kisha akavuma zaidi na Dar International. Mashabiki walimwita Jabali la Muziki. Jina lilikuwa kubwa, lakini halikumpa utajiri. Wakati huo bendi zilirekodi Redio Tanzania na kanda zikabaki huko huko, na mitaani vibanda vya kurekodi kanda viliuza nakala bila mtunzi kuambulia kitu. Marijani alifariki mwaka 1995, akiwa na umri wa kama miaka 40. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999.

Ninayo kanda yenye nyimbo zake tupu, zile zilizopendwa zaidi. Kabla ya kuipata nilizijua moja moja, zimechanganywa na za Mbaraka Mwinshehe na za wengine. Kwa hiyo kila wimbo niliufanya wangu: huu ulinikumbusha rafiki, ule ulinikumbusha nyumba niliyopanga. Zilipokaa pamoja zilinitoka mkononi zikarudi kwa mwenyewe. Nilisikiliza "Georgina", "Rosa Nenda Shule", "Masudi", "Mwanameka", "Zuwena", nikatambua kwamba mtu huyu alikuwa na mazoea ya kutaja watu kwa majina. Wengine husema "vijana wa siku hizi" au "wanawake" kisha huhubiri. Yeye alimchukua mtu mmoja, akampa jina, akatufanya tuwe na wasiwasi juu yake kama jirani. Tabia hiyo huwezi kuiona katika wimbo mmoja. Na hapo ndipo nilipoona ajabu ya hali yetu: aliyewapa wengine majina, sisi tunaimba nyimbo zake bila kutaja lake.

Najua yapo ya kupinga. Mkusanyo wa nyimbo bora huziacha zile ambazo hazikuvuma, na huenda humo ndimo mtunzi alimoweka moyo wake wote. Mchaguzi naye hutazama soko. Tena wapo watakaosema kwamba kusifu ni rahisi, na sifa haijazi sufuria. Yote hayo ni kweli. Anayemsifu msanii huku akinunua nakala isiyomlipa mtu amefanya nusu ya kazi tu.

Hata hivyo, nusu hiyo ndiyo ya kwanza. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini utampaje haki mtu usiyejua kuwa yupo? Tunapoufurahia wimbo bila kumjua mtunzi, tunautumia kama kivuli cha mwembe wa barabarani: tunapumzika, tunaondoka, hatuulizi nani aliupanda. Hatuna nia mbaya. Ila aliyeupanda alitoka jasho, na pengine ana watoto.

Kwa maoni yangu, basi, thamani ya mkusanyo kama huu si kutuchagulia nyimbo tamu. Utamu wake tulikwisha kuujua. Thamani yake ni kutulazimisha kuzisikia kama kazi ya akili moja, yenye namna yake ya kuwatazama watu. Zikipigwa harusini, anayeshika kipaza sauti na aseme: huu ni wa Marijani Rajabu. Ni maneno machache, na hayagharimu kitu.