Dishi Hilo ni la Nani?

Bonasi ya majani chai inapolipwa, kwa kawaida karibu na mwezi wa Oktoba, wenye maduka wa Nkubu na Runyenjes hawalali. Magodoro hutolewa nje, mabati pia, na siku hizi madishi ya televisheni ya kulipia. Baba Mwenda hurudi nyumbani na neno tamu: "Mama Mwenda, watoto wanahitaji vipindi vya masomo."

Je, ni kweli?

Hesabu ya fedha si ngumu. Tuseme malipo ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 12,000, mbali na bei ya dishi lenyewe. Tena, tangu mitambo ya analojia ilipozimwa nchini mwaka wa 2015, kuna ving'amuzi visivyodai malipo ya mwezi, navyo huonyesha KBC, Citizen na NTV. Mume na mke wanaweza kumaliza hesabu hiyo kabla chai haijapoa. Mbona basi ugomvi hufika usiku wa manane?

Kwa sababu jambo lenyewe halijatajwa. Baba Mwenda anataka mpira wa Uingereza. Amechoka kubanwa katika ukumbi wa video pale sokoni. Hakuna dhambi hapo. Lakini ameona haya kusema "nataka", akawatanguliza watoto. Mama Mwenda anajua, naye anakubali kwa siri yake mwenyewe: heri ashangilie sebuleni kuliko baa. Basi mke analipia mume akae nyumbani, mume anajifanya analipia watoto, na watoto hawajaulizwa.

Ninyi wana ndoa mlioahidiana uaminifu, je, uaminifu ni wa kitandani peke yake? Anayesema "naomba, ni kwa ajili yangu" anaweza kupewa, kunyimwa, au kuambiwa angoje karo ilipwe kwanza. Anayejificha nyuma ya watoto amemfunga mwenzake mdomo, maana mke akikataa ataonekana adui wa watoto wake mwenyewe. Na tukumbuke, nambari ya mkulima kiwandani mara nyingi ina jina la mume, hali mgongo uliobeba kikapu ni wa mke. Anayeombwa hapo si mgeni wa fedha hizo.

Mama naye asijidanganye kwamba amemnunua mume. Mchezo mkubwa wa Jumapili huanza kwetu saa kumi na mbili na nusu jioni, au saa moja na nusu Uingereza ikiwa katika majira ya baridi. Ndiyo saa ya kupakua chakula na ya sala ya jioni. Mume yupo kitini, ndiyo, lakini wewe umepata kisogo chake. (Na zile tamthilia za usiku, mama, nani huzifuata hadi sufuria ikaungua?)

Kwa wale wanaosema kweli kwamba ni ya watoto: mwaka wa 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani juu ya televisheni na familia, aliwaonya wazazi wasiifanye televisheni kuwa yaya. Basi mzazi aketi na mtoto, watazame pamoja. Je, mtakuwa na nafasi hiyo siku za kuchuma?

Mkiamua kulipa, lipieni mwezi mmoja tu. Ukiisha, picha hukatika yenyewe, wala hamna deni la mtu. Hapo ulizaneni upya, kila mmoja akitaja lake kwa jina lake. Baba Mwenda akisema, "Mama Mwenda, mimi naupenda mpira, naomba," huenda mke akacheka na kukubali. Huenda akakataa. Nimeona nyumba ambamo mke alikataa, mume akaguna kidogo, na chakula kikaliwa.