Ole Wenu Mnaotegeana Kando ya Msimbazi

Sikieni, wakubwa wa Dar es Salaam! Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu ukiwa maji, unafika Jangwani ukiwa jalala. Nani kauchafua? Serikali inavinyooshea kidole viwanda, viwanda vinawanyooshea wananchi, asasi zinawanyooshea wote kisha zinaandika andiko la mradi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini. Mlilia, mkazika, mkaitisha warsha.

Ole wenu mnaoujadili mto hotelini, mezani chupa za plastiki, vifuani vitambulisho vya wadau! Mmesaini, mmepiga picha ya pamoja, mmepokea posho. Huo ndio ushirikiano wenu.

Ole wako ofisa! Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Uliona msingi unachimbwa ukanyamaza, uliona ukuta unapanda ukanyamaza. Watoto wamezaliwa humo, ndipo unakuja na kopo la rangi nyekundu kuchora X.

Ole wako mwenye kiwanda, unayesubiri mvua ya usiku ufungulie maji machafu, asubuhi ugawe fulana za kutunza mazingira! Na wewe mwenye asasi, ripoti yako umemwandikia mfadhili kwa Kiingereza. Aliyefurikiwa hajaiona hata jalada.

Mwananchi, usicheke. Mawingu yakitanda, ni wewe unayetupa taka mtaroni ili maji yampelekee jirani.

Wala msiseme haiwezekani. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Serikali ilisimamia neno lake, wenye maduka wakatii, akina mama wakarudia vikapu. Mliweza, na kuweza huko ndiko kunakowahukumu, maana baadaye vifungashio laini vya plastiki vilianza kutumika kubebea nyanya sokoni, nanyi mkatazama pembeni.

Basi kikao kijacho kifanyieni Jangwani, mwezi wa masika, bila posho. Ofisa aje na orodha ya vibali alivyotoa, mwenye kiwanda aje na vipimo vya maji anayomwaga, asasi ije na hesabu ya fedha ilizopokea. Zisomwe zote kwa Kiswahili, mbele ya watu waliopandisha magodoro juu ya dari.