Nani anawachunga wanaoingia bila hodi?

Huku kwetu Magoma, chini ya milima ya Usambara, mtoto akiingia nyumba ya watu bila kupiga hodi huambiwa hana adabu. Mtu mzima akifanya hivyo huitwa mwizi kabla hajaulizwa alichofuata. Sasa tujiulize: akiingia mtumishi wa dola wakati mwenyewe hayupo, akapekua, akanakili karatasi, akatega kinasa sauti, kisha akafunga mlango kama alivyoukuta na kuondoka zake, tumwiteje?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya sinema za Ulaya. Siyo. Desemba 2014 jirani zetu wa Kenya, wakiwa bado na majeraha ya Westgate na Mandera, walirekebisha sheria zao za usalama. Sheria ya shirika lao la ujasusi, NIS, ikapata kifungu cha 42 kipya. Mkurugenzi Mkuu akiona ipo haja ya operesheni ya siri, anaweza kumpa ofisa wake idhini ya maandishi ya kuingia mahali popote, kupekua, kuchukua kitu au kukirudisha, kunakili nyaraka na kufunga vyombo. Idhini hiyo iambatane na hati ya Mahakama Kuu, na inadumu siku 180. Wapinzani wa CORD walikwenda mahakamani, na tarehe 23 Februari 2015 majaji walifuta vifungu vinane vya marekebisho yale. Hiki cha kuingia kwa siri walikiacha.

Siku 180 ni nyingi mno. Mtoto anaweza kuzaliwa na akaanza kukaa, nyumba bado ina mgeni asiyejulikana. Lakini walau Mkenya anaweza kuifungua sheria akasoma kwamba kuna jaji anayepaswa kuulizwa.

Na kwetu je? Ibara ya 16 ya Katiba inayahifadhi maskani ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inataka polisi awe na hati, apekue kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua isipokuwa mahakama imeruhusu vinginevyo, na aandike risiti ya alichochukua, itiwe saini na mwenye nyumba na mashahidi. Upo mlango wa dharura wa kupekua bila hati. Hata huo, mwenye nyumba anajua kuwa amepekuliwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Upekuzi wa wazi una msimamizi asiyelipwa mshahara, naye ni mwenye nyumba. Yeye ndiye anayeona kilichochukuliwa, anayekataa kutia saini kilichoongezwa, anayekwenda kwa wakili kesho yake. Anayeingia kwa siri amemwondoa msimamizi huyo. Asiyejua kuwa ameingiliwa hawezi kulalamika, na pasipo mlalamikaji kila hesabu hutoka safi.

Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1996 iliandika jambo zuri: si kazi ya Idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu anapinga jambo kihalali. Lakini nani atathibitisha kuwa katazo hilo limefuatwa, ikiwa anayelivunja ndiye pekee anayejua? Mwaka 2023 yakaja marekebisho, na katika yaliyoongezwa ni kinga kwa maofisa.

Waislamu tuna kisa tunachokisoma tukakipita haraka. Imam Ghazali amekitaja katika Ihya. Sayyidna Umar (r.a) alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti nyumbani kwa mtu, akaparamia ukuta, akamkuta na mwanamke na pombe. Yule mtu akamwambia: mimi nimemuasi Allah kwa moja, wewe kwa matatu. Umepeleleza, na Qur'an imekataza (49:12). Umeingia kwa ukuta, na tumeamrishwa kuingia kwa milango (2:189). Umeingia bila idhini wala salamu (24:27). Umar akamsamehe kwa sharti atengenee, akatoka.

Wengi hukisimulia kisa hiki kuonesha upole wa Umar. Mimi naona uzito uko kwenye yanayofuata katika kitabu hicho hicho. Umar aliwauliza masahaba juu ya mimbari: kiongozi akiona uovu kwa macho yake mwenyewe, amuadhibu mtu? Sayyidna Ali (r.a) akajibu kuwa hilo linahitaji mashahidi wawili waadilifu. Macho ya khalifa hayakutosha.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: "Ustadhi, na kama ndani wanatengeneza bomu?" Swali la haki. Tarehe 7 Agosti 1998 watu 11 walikufa Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi. Al-Mawardi, karne ya tano Hijria, alikataza msimamizi wa maadili kupeleleza majumba, lakini akaacha nafasi pale mtu mkweli anapoleta habari kuwa mtu anakwenda kuuawa, jambo lisilorudishika likishapita. Kwa hiyo mlango upo, kwa habari ya mkweli na hatari mahsusi. Kuwa na ndevu, au kumiliki maktaba ya vitabu vya Kiarabu, si hatari mahsusi.

Wakanada walijifunza kwa aibu. Mwaka 1972 polisi wao wa usalama walivunja ofisi ya shirika dogo la habari Montreal, na 1973 wakachukua kwa siri orodha ya wanachama wa chama halali cha siasa. Hakuna bosi aliyeyafichua. Yalianza kutoka 1976, pale polisi mmoja, akiwa kizimbani kwa kesi nyingine ya bomu, aliporopoka. Ikaundwa tume, na 1984 kazi ya ujasusi ikahamishiwa chombo kipya kinachopaswa kuomba hati kwa jaji.

Kwa nini tusubiri mtu aropoke? Jaji aulizwe kabla. Na kazi ikishakwisha bila kosa kupatikana, mwenye nyumba aandikiwe barua kuwa tuliingia. Ujerumani sheria yao ya kunasa mawasiliano inataka mhusika aarifiwe baadaye, pale ambapo kumjulisha hakuharibu tena uchunguzi, na dola yao haijaanguka.

Kamati ya Bunge inayoshughulikia ulinzi na usalama inaweza kuanza na dogo zaidi: mwaka uliopita ziliombwa hati ngapi za kuingia kwa siri, na zilikataliwa ngapi? Ni tarakimu mbili tu, hazitaji jina la ofisa wala la mtuhumiwa.