Kitunguu Kilichochanua Kabla ya Wakati



Katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto, kipupwe huingia mwezi wa Juni, na ukungu hulala mabondeni hata jua likiwa limekwisha kupanda. Wakati huo mtu apitaye kando ya matuta ya vitunguu aweza kuona jambo la kupendeza macho: kati ya majani yamesimama mabua marefu, na juu ya kila bua kichwa cha maua meupe, cha mviringo. Mgeni husema, "Shamba hili limestawi kweli." Lakini mwenye shamba hafurahi. Yeye ajua ya kuwa kila ua aonalo ni kitunguu alichokipoteza.

Nataka leo tuulizane swali lionekanalo dogo. Kitunguu kikichanua kabla ya wakati wake, kosa ni la nani? Na kosa likiisha kutokea, mwenye shamba ana wajibu gani?

Kwanza na tuielewe tabia ya mmea wenyewe. Kitunguu kwa asili yake ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hukusanya chakula na kukiweka akiba, tabaka juu ya tabaka. Kisha hupita majira ya baridi, na mwaka wa pili huitumia akiba ile kutoa bua, maua na mbegu. Mmea hauna kalenda ya kusoma; kalenda yake ni baridi. Mche ulio mwembamba bado hausikii wito huo. Lakini mche uliokwisha kunenepa kiasi cha kalamu ya risasi, ukipigwa na baridi ya karibu digrii 10 kwa majuma kadhaa, hudanganyika. Ni kana kwamba huona mwaka umekwisha, na sasa ni wakati wa kuzaa. Hapo huacha kuweka akiba, ukaanza kutumia akiba ambayo haijatimia.

Basi lawama ni ya nani? Wako wasemao ni ya baridi. Wengine husema ni ya mbegu, na neno lao lina kweli, maana ziko aina zichanuazo upesi kuliko nyingine. Lakini kipupwe huja kila mwaka, wala hakimfichi mtu. Ni nani aliyesia mbegu mapema mno, ili aiwahi bei nzuri ya sokoni? Ni nani aliyeiacha miche kitaluni ikapita majuma 6 au 8 yaliyoifaa, ikanenepa, kisha akaipandikiza kipupwe kikiwa mlangoni? Ni nani aliyenunua mbegu ya bei rahisi asiulize ilitoka katika kitunguu gani? Twakilaumu kitunguu kwa haraka yake, kumbe haraka ilikuwa yetu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Hata hivyo sisemi kwamba kila apatwaye na jambo hili ni mzembe. Yuko aliyesia kwa wakati wake, na baridi ikazidi desturi. Huyo hana hatia. Lakini asiye na hatia katika kosa aweza bado kuwa na wajibu baada ya kosa, na hapa ndipo swali letu linapokuwa zito.

Wengi hukimbilia kukata bua, ili shamba lionekane safi. Kukata hakuponyi. Moyo wa kitunguu umekwisha kuwa mgumu, na shingo yake haifungi tena. Tena bua lile ni wazi ndani kama mwanzi. Likikatwa hupokea maji ya mvua na kuyapeleka mpaka moyoni, kitunguu kikaoza. Lifaalo ni kuking'oa mapema na kukila. Mpishi huutoa moyo mgumu, na sehemu iliyobaki ni chakula chema; hata majani mabichi hupikwa. Kitunguu hicho si takataka, ila hakifai kuwekwa ghalani.

Hapo ndipo lijapo jaribu la kwanza. Gunia lina juu yake, na lina katikati yake. Mkulima aweza kuvikata shingo vitunguu vilivyochanua, akavitia katikati, na vile vizuri akavipanga juu. Mnunuzi hataona. Baada ya majuma machache vitaoza, na kuviozesha vilivyo kando yake, na mama aliyetoa fedha zake atayaona hayo akiwa mbali, hana wa kumwuliza. Kuviuza si kosa. Kosa ni kuvificha. Na aviweke mbali, kwa bei yake, aseme waziwazi, "Hivi ni vya kupikwa juma hili."

Jaribu la pili ni kubwa zaidi. Mbegu njema ya vitunguu ina gharama. Atakaye kujipatia mbegu yake mwenyewe huchagua vitunguu vizuri vilivyokomaa, huvihifadhi, huvipanda tena, kisha hungoja. Bali kile kilichochanua kabla ya wakati chatoa mbegu bure, na upesi, na mbegu zenyewe huota vizuri. Kwa nini zisitumiwe? Kwa sababu azisiaye huchagua, pasipo kujua, uzao wa kitunguu chenye haraka. Si wote watakaomfuata mzazi wao, kwa kuwa baridi nayo ilikuwa na sehemu yake. Lakini akifanya hivyo mwaka hata mwaka, tabia ile itazidi katika mbegu yake.

Wala ubaya huo haukai shambani mwake tu. Nyuki na nzi hawajui mpaka. Huchukua chavua ya ua hili na kuipeleka katika ua lile, na ndiyo sababu wakulima wa mbegu hushauriwa kutenganisha mashamba yao kwa mamia ya meta, hata kilometa nzima. Jirani aliyechagua vitunguu vyake kwa subira aweza kuvuna mbegu iliyochanganyika na haraka ya mwenzake, asijue ilitoka wapi.

Labda mtu atasema, "Shamba ni langu na ua ni langu, nani atanizuia?" Neno hilo lingekuwa kweli kama ua lingekaa mahali pake. Lakini kitu kivukacho mpaka hakiwi shauri la mtu mmoja. Mkulima avunjaye mabua kabla maua hayajafunguka hupoteza mbegu ya bure, wala hapati shukrani, kwa maana jirani hawezi kushukuru kwa hasara ambayo haikumpata. Nadhani huo ndio wema ulio mgumu kuliko wote, yaani wema usio na shahidi.

Twapenda kufananisha watu na mimea, lakini na tuangalie. Mtoto atolewaye shuleni aozwe, au apelekwe kutafuta fedha kabla hajaweka akiba ya akili, lawama ya kwanza si yake bali ni ya waliomharakisha. Hapo mfano wafaa. Lakini wakomea hapo. Kitunguu kikiisha kuchanua hakirudi nyuma, mtu hurudi. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania iliwaruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi masomoni. Basi kitunguu na king'olewe; mtu apewe wakati wa kuweka akiba yake upya.

Kuchanua si ubaya. Kitunguu kilichokomaa nacho huchanua katika mwaka wake, na pasipo ua hakuna kitunguu cha kesho. Kipupwe kijacho, ndugu msomaji, ukiliona bua la kwanza katika tuta lako, usikitazame kitunguu kwa hasira. Jiulize kwanza, "Nilisia lini?" Kisha livunje, lingali changa, hata kama hakuna akuonaye.