Mpe Asome Kwanza

Mwalimu, mwanangu, dodoso lako nimelisoma lote. Unataka kujua kama vijana wa kidato cha nne hapa Same wanajiamini kusoma na kuandika, kwa ajili ya chuo na kazi. Nia yako njema. Ila ukiwapa karatasi ya "nakubali sana" na "sikubali", watakujibu kwa adabu. Mtoto aliyelelewa Mbaga au Suji, aliyefundishwa shikamoo kabla ya a-e-i-o-u, hamwambii mwalimu usoni kwamba kusoma kumemshinda. Atatia vema kote, arudishe karatasi.

Nimesema mpaka nimechoka, na nasema tena: mpe asome kwanza. Mwaka 2012 Wizara ya Elimu yenyewe ilikiri kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Wale watu wa utafiti wa Uwezo, walioanza kupita majumbani mwaka 2010, hawakumwuliza mtoto anajionaje. Walimpa silabi, neno, aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili, wakasikiliza.

Nawe sikiliza. Mpe kijana karatasi ya maelezo ya dawa ya nyanya. Nimewaona wanaosoma kwa sauti nzuri, kidole kikitambaa chini ya mstari, nukta na mkato wanaviheshimu. Uliza tu, "Sasa bomba moja la lita ishirini utatia dawa kiasi gani?" Macho yanaiacha karatasi, yanakuja mdomoni mwako kutafuta jibu.

Kabla hajaanza, mwulize anadhani ataweza kiasi gani. Andika alichodhani na alichoweza, ubavu kwa ubavu. Anayeweza lakini anajidharau na asiyeweza lakini anajiona ameiva hawafundishwi kwa namna moja. Tena Kiswahili kipime peke yake, Kiingereza peke yake. Miaka saba wamesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza lugha ikabadilika ghafla. Binti anayeandika barua ya Kiswahili iliyonyooka anakaa kimya darasani, nasi tunamwita mzito. Linaniuma sana hilo.

Alama zao usizisome mbele ya wenzao, nakusihi. Ukianza kuwasaidia, anza na kidato cha pili, hao bado wana muda. Wa kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba. Wape jioni zako, kila mmoja aandike barua ya maombi ya kazi, mkae muisahihishe pamoja.