Nani Hulipia Fahari ya Maskini?

Wako watu wasemao kwamba maskini hana ruhusa ya kuwa na fahari. Mtu anayelala na njaa, wanasema, apokee anachopewa, ashukuru, anyamaze. Wako wengine wasemao kinyume chake: kwamba fahari ndiyo mali pekee ya maskini ambayo hakuna awezaye kumnyang'anya. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa katika kundi hili la pili, na nilikuwa na kisa changu cha kuthibitishia maneno yangu. Kisha nikaona sinema moja fupi, na dada yangu akaniuliza swali moja, na tangu siku hiyo sina hakika tena kama ile niliyoitetea.

Nianze na kisa chenyewe.

Mwaka 2004 nilikwenda Geita kwa shughuli ya ukoo. Wakati huo Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Nilikuwa nimetokea Shinyanga, mji ambao baiskeli ya abiria huitwa daladala, kana kwamba ni basi. Mwenye baiskeli hufunga kiti cha sponji juu ya keria, akaweka na vyuma vya kukanyagia, na abiria hukaa nyuma kwa raha zake. Shinyanga ni tambarare, na dereva mwenye mapafu mazuri aweza kukutoa stesheni ya reli hadi uendako bila kutweta sana. Geita ni habari nyingine. Mji umekaa vilimani, barabara hupanda na kushuka, na kila mpando ni jasho la mtu.

Niliyempata hakuwa kijana, alikuwa mtu mzima. Tuliamkiana, "Mwadila," "Mwadila, mzee," kisha tukaingia kwenye bei. Alitaka shilingi mia tano. Nikamwambia mia tatu. Alilalamika kidogo, nami nikajifanya ninaondoka, akakubali. Sikulifikiria jambo hilo, maana ndivyo tufanyavyo sote.

Njiani alinieleza habari zake, wala si kwa kulalamika. Baiskeli haikuwa yake. Kila jioni alimpelekea tajiri hesabu, awe amepata abiria au hakupata; kilichozidi ndicho chake, na pancha ilikuwa juu yake. Kama wengi wa pale, alikuja Geita kufuata dhahabu. Alishuka mashimoni misimu miwili, akatoka na kikohozi na mikono mitupu. Alikuwa na mke na watoto wanne.

Tulipofika penye mpando mrefu nilisikia pumzi zake zikikwaruza, huruma ikanishika. Nikamwomba asimame, nikashuka. Akaniuliza, "Mbona unashuka, mzee?" Nikamjibu kwamba nataka kunyoosha miguu. Alijua kwamba nasema uongo. Akaikokota baiskeli kimya, nami nikatembea kando yake hadi tulikokwenda.

Tulipofika nilimpa noti ya mia tano, nikamwambia asinirudishie chenji. Aliiangalia ile noti, akaingiza mkono mfukoni, akanihesabia shilingi mia tatu na hamsini. Nikamwuliza ni za nini. Akasema: "Umepanda nusu, nusu umetembea. Nusu ya mia tatu ni mia na hamsini. Mimi ni dereva, mzee, sikukuomba." Nilipokataa kuzipokea aliziweka juu ya baraza, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Kisa hicho nilikisimulia kila mahali. Nilikisimulia harusini na misibani, na kila mara nilimalizia kwa kusema: huyo ndiye mwanamume.

Sasa nije kwenye sinema. Miaka michache iliyopita mwanangu alinionyesha kazi ya Ousmane Sembène wa Senegali. Huyu bwana alikuwa mvuvi, akawa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa vitabu, na mwisho akashika kamera. Sinema yake hiyo aliitoa mwaka 1963, miaka mitatu baada ya Senegali kupata uhuru. Inaitwa Borom Sarret, ambayo kwa Kiwolofu ni kama kusema mwenye mkokoteni, na haifiki hata nusu saa. Ndani yake tunamfuata mtu mmoja wa Dakar anayebeba abiria na mizigo kwa mkokoteni wa farasi kwa siku moja tu.

Siku yenyewe ni mbaya. Asubuhi anabeba watu waliozoea kupanda bila kulipa. Kilema anamwomba, yeye anampuuza. Mara anatokea msifu, mtu aliyevaa vizuri na kushiba, anaanza kuimba ukuu wa mababu wa yule dereva. Uso wa dereva unang'aa. Anakumbuka kwamba damu yake ni ya watu wakubwa, na fedha yote aliyoichuma anamtuza msifu. Baadaye bwana mmoja wa suti anamkodi ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Askari anamkamata na kuuchukua mkokoteni. Nishani yake ya vita inaanguka chini, na askari anaikanyaga. Na yule bwana? Ameshaondoka, wala hakulipa. Dereva anarudi nyumbani na farasi peke yake. Mkewe anamkabidhi mtoto, anamwambia kwamba usiku huu watakula, kisha anatoka. Anakwenda kufanya nini, hatuambiwi.

Siku ile niliitazama pamoja na dada yangu, mjane wa Kahama, aliyelea watoto sita kwa kukaanga vitumbua. Sinema ilipokwisha nikaanza mahubiri yangu. Nilisema kwamba tukitaka kujua tofauti ya fahari na fahari tuwalinganishe watu wawili. Huyu wa Dakar alinunua sifa za mababu kwa chakula cha watoto, wakati yule wangu wa Geita alikataa sadaka. Wa kwanza alitegemea kinywa cha mtu mwingine ili ajione mtu, na wa pili alitegemea kazi yake.

Dada alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza: "Wa Dakar, mkewe tumemwona. Huyo wako wa Geita, mkewe alipika nini usiku ule?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo sikuwahi hata kujiuliza.

Nilipokaa na swali lile nilianza kuona mambo kwa utaratibu mwingine. La kwanza ni kwamba tofauti niliyoihubiri ipo kweli. Sisi wa Usukumani tunajua jinsi sifa ilivyo tamu. Katika ngoma za Wagika na Wagalu, manju akilitaja jina la baba yako mbele ya watu, mkono huingia mfukoni wenyewe. Fahari ya namna hiyo ni kama moto wa mabua, ukiacha kuuchochea unazimika. Fahari ya kazi haihitaji mpiga zeze. Lakini fahari zote mbili zikishamaliza kusemwa, hesabu yake hupelekwa jikoni. Mwanamume husimama wima barabarani, na mwanamke huinamia sufuria tupu.

La pili lilinichoma zaidi. Niliwatazama upya watu wote waliopita katika siku ile ya Dakar. Kama wale abiria wa asubuhi wangalilipa, na kama yule bwana wa suti angalilipa, fedha ya msifu isingekuwa dhambi. Ingekuwa ukarimu mdogo wa mtu aliyechoka, kama ule wa tajiri anayetuza harusini na kesho yake akasifiwa. Tunamwuliza maskini kwa nini amekuwa na fahari, na hatumwulizi abiria kwa nini hakulipa.

Na hapo nikajikuta ndani ya ile sinema. Dereva wa Geita alisema bei yake, mia tano. Mimi nikaikata hadi mia tatu, kwa mazoea tu, huku mfukoni ninayo. Halafu penye mpando moyo ukanisuta, na mwisho wa safari nikataka kumpa mia tano ileile. Ile mia mbili niliyomnyima ilipokuwa ujira wake, nilitaka kumpa ikiwa sadaka yangu. Nilitaka mtu yule anishukuru kwa mali yake mwenyewe. Ndicho alichokikataa, na sasa naona kwamba alikielewa vizuri kuliko mimi.

Jambo hili si la baiskeli peke yake. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Mwaka 2017 sheria ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6. Lakini angalia sherehe zetu. Kampuni yoyote ikitoa madawati tunapiga ngoma na makofi. Mrabaha ukilipwa hakuna anayecheza. Tumezoea kushangilia tunachopewa, na kunong'ona tunapodai kilicho chetu.

Basi siwezi tena kusema kwamba fahari ni mali ya maskini na kuishia hapo, maana mali hiyo ina gharama, na mara nyingi mlipaji wake hakuulizwa. Wala siwezi kumwambia maskini aiache, kwa kuwa anayemtaka aiache mara nyingi ni yule anayemdai unyenyekevu badala ya kumlipa. Ninaloweza kusema ni dogo. Tukitoa haki kwanza, fahari ya mtu haitamnyima mwanawe chakula. Tukiichelewesha haki ikafika kwa jina la huruma, tunamlazimisha mtu achague kati ya uso wake na sufuria ya mkewe, kisha tunakaa pembeni kumhukumu kwa alilochagua.

Siku hizi pikipiki zimezisukuma baiskeli nyingi kando. Nikiambiwa nauli nikaona ni ya haki, silumbani. Huo si wema, nalipa ninachodaiwa. Deni la Geita bado ninalo, na swali la dada bado halijapata jibu.